Mtoto Asiyesikika Katika Nchi ya Himaya

Hakuna mtu aliyeishi Himaya asiyeisifu, na Shekue mshona kofia huisifu kuliko wengi. Atakueleza barabara zake zilizofagiwa, visima vyake vyenye vifuniko, na nyumba zake za tiba ambamo mgonjwa hupewa maji ya kunawa na shuka safi kabla hajaulizwa anaumwa wapi. Lakini msikilize vizuri. Akifika kwenye habari za watoto sauti yake hupungua, kisha huomba radhi akarudi kwenye sindano yake. Haya ndiyo anayoyanyamazia.

Shekue na mkewe Somoe walihamia Himaya Somoe akiwa na mimba ya kwanza. Kwao, ng'ambo ya milima, dada yake Somoe alikuwa amefia uchungu wa uzazi mikononi mwa wakunga waliokuwa na moyo mwema na kisu kimoja. Somoe aliporudi kutoka mazikoni alimwambia mumewe, "Mimi sizai hapa." Shekue hakubishana naye. Wakafunga mizigo, wakaaga. Mama yake Shekue, mjane mwenye mtoto huyo mmoja, aliwasindikiza mpaka mwisho wa mashamba bila kuwasihi wabaki, maana alikuwa mwanamke asiyependa kuzuia watu.

Himaya iliwapokea vyema. Huko dawa haiuzwi. Kumuuzia mtu dawa ni aibu kubwa kuliko kumwibia. Kila nyumba hutoa sehemu ya kazi ya mikono yake, mfinyanzi vyungu, mkulima nafaka, Shekue kofia, na kwa kutoa huko nyumba nzima huingia katika kile wanachokiita Kinga, ambacho sisi tungekiita bima. Aliye ndani ya Kinga hutibiwa jino na mfupa, homa na uzazi, mpaka apone au afe. Asiye ndani haguswi. Tabibu akikutana naye huweka mikono nyuma ya mgongo na kusimama hivyo kwa heshima mpaka mtu yule apite. Wageni hudhani ni salamu.

Tena watu wa Himaya hawaamini maandishi. Husema kalamu haina uso. Mtu huingia katika Kinga kwa kutangazwa kwa mdomo, mbele ya maofisa watatu waitwao Wasikizi, nao hujibu, "Imesikika." Kabla ya neno hilo, mtu huyo hayupo. Baraza la Wasikizi hufunguliwa kwa watu wote mara moja kwa mwaka, nyasi zinapokauka, na msimu huo huitwa Masikizi. Nje ya hapo nyumba huruhusiwa kusema tu ikiwa imepatwa na Badiliko, yaani ndoa, kifo, au mtoto kuingia nyumbani. Na Badiliko lenyewe lina umri. Mwezi uliompokea mtoto ukifa naye hajatangazwa, Badiliko limekufa pamoja nao. Aliyezaliwa mwezi ukiwa mchanga ana nafasi ndefu, aliyezaliwa mwezi ukikonda ana nafasi fupi, na Wahimaya wakiulizwa haki iko wapi hapo, hujibu kwamba mwezi ni mmoja kwa wote.

Mambo hayo Shekue aliyajua mapema, tena kutoka kwa mtu asiyepindisha maneno. Jirani yao alikuwa mjane mtengeneza sabuni, jina lake Bi Stara, mwanamke wa makamo ambaye hakuwahi kujaliwa mtoto. Ndiye aliyemfundisha Somoe soko na lugha ya kuongea na matabibu. Mimba ilipokuwa kubwa, alimwita Shekue kando ya ua. "Jirani," alimwambia, "mtoto akizaliwa usikae kupokea hongera. Nenda ukamtangaze, ndipo urudi unywe uji."

Mtoto akazaliwa, wa kiume, katika nyumba ya tiba, mkunga mmoja kichwani na mmoja miguuni. Somoe alilia sana, si kwa maumivu. Alikuwa akimlilia dada yake ambaye angeweza kuishi. Shekue alitoka nje akatazama juu ya paa za nyumba, akaona mwezi mwembamba kama ukucha, umeandama juzi tu. Moyo wake ukatulia. Nafasi ilikuwa ndefu.

Tatizo lilikuwa jina. Himaya haitangazi mtoto asiye na jina, na jina likishasikika halibadilishwi. Kwao Shekue, mtoto wa kwanza hupewa jina na mama mzaa baba. Shekue alikuwa tayari amemtuma mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa akivuka milima, amwambie mama yake kwamba mjukuu amezaliwa na kwamba wanasubiri jina. Yule mtu aliahidi kurudi upesi.

"Mpe jina lolote," Somoe alisema. "Mama akileta lake tutamwita hilo hapa nyumbani."

"Na barazani ataitwa nani? Atakua na jina la uongo."

"Atakua, Shekue. Hilo ndilo ninalolitaka mimi."

Shekue alimtazama mtoto aliyelala, ngumi zake zimefungwa karibu na masikio. "Nimemwacha mama peke yake," alisema. "Mjukuu wake wa kwanza nimemzalia kwa watu. Kimebaki kitu kimoja cha kumpa, nacho ni hilo jina. Nikimnyang'anya na hilo, nimemwachia nini?"

Hapo Somoe akaacha kubishana. Alimpenda mama mkwe wake. Naye kwenda barazani mwenyewe hakuweza, kwa sababu sheria humsikiliza yule ambaye kazi ya mikono yake ndiyo inayoiweka nyumba katika Kinga, na nyumba ile ilikaa humo kwa kofia za Shekue. Kwa hiyo wakangoja. Mwezi ukajaa, ukaanza kupungua. Mtoto wakamwita Bwana Mdogo. Alinyonya vizuri, akanenepa, na kila alipopelekwa kwa matabibu alishikwa na kupimwa bila neno, kwa kuwa sheria inasema mtoto aliye ndani ya mwezi wake ni kiungo cha mama yake, kama mkono au sikio.

Mwezi ulipokonda, Bi Stara alikuja akakaa kizingitini bila kukaribishwa. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema. Shekue alimjibu kwa adabu kwamba bado anauona mwezi kila alfajiri. Bi Stara akainuka, akarudi kwake.

Asubuhi iliyofuata Shekue aliamka akauona, uzi mwembamba kabisa juu ya vilima. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Akamwambia Somoe, "Leo ninakwenda. Nitampa jina la marehemu baba." Shekue akavaa kanzu safi, akaenda mbio mpaka barazani.

Wasikizi walikuwa wamekaa juu ya mikeka yao, wazee watatu wenye nyuso za upole. Walimkaribisha, wakampa kahawa. Alipoeleza haja yake, Msikizi Mkuu akaweka kikombe chini.

"Ndugu yetu mgeni, mwezi ulikufa jana baada ya alasiri."

"Nimeuona leo alfajiri, mzee wangu. Kwa macho yangu."

"Hatukatai. Lakini mwezi wa Himaya haufii angani. Hufia hapa barazani, pale sisi watatu tunapokubaliana kwamba hautoshi tena kumwangaza mtu. Jana tulikubaliana." Akatoa leso akajifuta macho, na machozi yalikuwa ya kweli. Watu wa Himaya ni wapole sana. Anayekunyima hukunyima huku akilia. "Rudi wakati wa Masikizi. Si mbali. Mtoto mwenyewe ni mzima?"

"Ni mzima."

"Basi umebarikiwa."

Na kweli mtoto alikuwa mzima, ndiyo sababu nyumba ile haikuvunjika siku hiyo. Somoe alikaa akamgeuzia mumewe mgongo kwa muda, kisha akasema mvua zikipita nyasi zitakauka tu, na Masikizi yatafika. Walimlinda mtoto kama yai. Hawakumtoa nje kwenye upepo, wala kumpeleka penye watu wanaokohoa.

Ugonjwa uliokuja haukutoka kwenye upepo. Mtoto alipoanza kuota meno, kabla mvua hazijakatika, vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba vikawa kama ndizi changa. Akaguswa, akalia kilio ambacho hawakuwahi kukisikia kwake, kisha akaanza kulia bila kuguswa. Macho yakawa ya manjano. Somoe alimfunga kifuani wakakimbia kwenye nyumba ya tiba, mahali pale pale alipozaliwa.

Tabibu aliyewatokea alikuwa mmoja wa wale waliomzalisha Somoe. Alimwona mtoto, akawauliza kwa sauti ndogo, "Ametangazwa?" Shekue akatikisa kichwa. Tabibu akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Mtazame tu," Somoe alimsihi. "Usimguse. Tuambie ni nini."

"Ninamtazama, mama. Ninachokiona nakijua, na dawa yake iko chumba hiki cha nyuma yangu. Nikikitamka, nimetibu. Nikitibu asiyesikika, wanangu wawili wanatolewa kwenye Kinga." Shekue aliona mabega yake yakitetemeka kwa nguvu alizotumia kuizuia ile mikono. "Nendeni kwa Wasikizi. Semeni maumivu yako ndani ya damu. Mimi sikusema kitu."

Wakaenda. Wasikizi waliwapokea papo hapo, wakafuta shauri jingine kwa ajili yao, na mjadala wa siku ile watu wa Himaya wanausimulia hadi leo kama mfano wa hekima ya baraza lao. Msikizi wa kwanza, ndiye Mkuu, alisema, ikiwa maradhi yako ndani ya damu, basi yalianza tumboni, wakati mtoto akiwa kiungo cha mama yake, na mama yake yumo katika Kinga. Kwa hiyo maradhi hayo ni halali kutibiwa. Msikizi wa pili akaafiki kila neno, akaongeza kwamba kwa kuwa ugonjwa ulianza katika kiungo cha mama, ugonjwa ni wa mama, na sheria haiwezi kumnyima mama haki yake. Wakaamuru Somoe atibiwe mara moja.

Ndivyo ilivyokuwa. Somoe alichukuliwa kwa heshima zote, akalazwa juu ya shuka safi, akachukuliwa damu, akaangaliwa macho, akabonyezwa vidole kimoja kimoja, huku mtoto akilia katika mapaja ya baba yake nje ya mlango. Alipoanza kukataa waliona ni homa, wakampoza kwa vitambaa vya maji. Mwishowe akarudishwa barazani na habari njema: hana ugonjwa wowote. Msikizi wa tatu, aliyekuwa kimya muda wote, alisema basi ni dhahiri maradhi yamepona, akawapa pole kwa usumbufu.

Somoe alikaa chini sakafuni mbele yao. Hakupiga kelele. Alifungua kanga akawaonyesha vidole vya mwanawe. Wasikizi wote watatu wakalia.

Msikizi Mkuu ndiye aliyepata njia, na alifurahi kama mtu aliyekumbuka jina la rafiki. "Sheria haikosi mlango," alisema. "Mtoto huyu hawezi kuingia Kinga kwa nyumba yenu, kwa kuwa Badiliko lenu limekufa. Lakini akiingia nyumba nyingine leo, nyumba hiyo itakuwa imepata Badiliko leo. Je, hamna mtu?"

Shekue na Somoe hawakutazamana. Wote wawili walikuwa wamemfikiria mtu mmoja.

Bi Stara alikuwa anakoroga sabuni walipofika uani kwake. Aliwasikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi, povu likikauka kwenye vidole. Kisha akasema, "Jamani, msiniombe jambo ambalo nitalipenda."

"Hatuna mwingine, Bi Stara," alisema Somoe.

"Ninajua. Ndiyo maana ninawaambia sasa, kabla sijamshika." Akanawa mikono polepole, akajifunga ushungi, wakatoka pamoja.

Barazani mambo yalikuwa mafupi. Shekue alitakiwa kusema mara tatu, "Mtoto huyu si wa nyumba yangu." Ya kwanza alisema. Ya pili aliisema akiutazama mkeka. Ya tatu aliisema akimtazama Somoe, naye Somoe akamwitikia kwa kichwa kama mtu anayemhimiza mwenzake avuke mto. Kisha Msikizi Mkuu akamgeukia Bi Stara akamuuliza jina la mtoto wake. Bi Stara akamtazama Somoe.

"Usimtazame yeye," alisema Msikizi kwa upole. "Mama wa mtoto ni wewe."

Bi Stara alifumba macho. "Nasibu," alisema.

"Imesikika."

Jioni ile tabibu alimpokea Nasibu kwa mikono miwili, mikono ambayo ilimshika kama iliyokuwa imefungwa siku nyingi. Dawa ilikuwepo, na ilifanya kazi. Uvimbe ukashuka, kilio kikawa kile cha kawaida cha njaa. Lakini tabibu alimweleza Bi Stara, kwa kuwa ndiye aliyepaswa kuelezwa, kwamba ugonjwa huu ni wa kuzaliwa nao. Utarudi kila baridi ikiingia, kila akichoka au akikosa maji, na kila ukirudi atahitaji kutibiwa. Akiwa katika Kinga atakuwa mtu mzima. Nje yake, tabibu hakusema. Somoe na Shekue waliyasikia hayo wakiwa wamesimama mlangoni, kama majirani waliokuja kumjulia mgonjwa hali.

Masikizi yalipofika Shekue alikuwa wa kwanza barazani. Alitaka kumrudisha mwanawe. Wasikizi walimweleza bila kuchoka kwamba mtoto anayerudi alikotoka hakwenda popote, na kama hakwenda popote basi lile Badiliko lilikuwa uongo, na Kinga iliyopatikana kwa uongo hufutwa milele kwa mtoto na kwa aliyempokea. Wakamshauri asimwite mwanangu mbele za watu, wala asikubali kuitwa baba. Shekue alifikiria kumchukua na kurudi naye kwao. Alilifikiria njia nzima ya kurudi nyumbani. Kisha akakumbuka wakunga na kile kisu chao kimoja.

Yule mfanyabiashara wa nguo alirudi baada ya hapo. Alikuwa ameugua njiani, amekonda, akaomba radhi kwa kuchelewa. Shekue akamkalisha, akampa chakula, akamuuliza alichoambiwa na mama yake.

"Alifurahi sana," alisema yule mtu. "Alicheka mpaka akajishika mbavu. Nikamwambia mnasubiri jina. Akasema, 'Mwambie asinisubiri mimi. Mtoto ni wake, ampe jina lolote limtokalo. Nitalipenda.'"

Shekue hakumwambia Somoe maneno hayo kwa muda mrefu. Alipomwambia, Somoe aliendelea kupepeta mchele wake hadi ukaisha, ndipo akasema, "Mama ni mtu mwema." Hawakulizungumza tena. Wapo wanaume ambao wake zao huwalaumu, nao wakapata kupumzika. Somoe hakumlaumu.

Bi Stara hakuwanyima kitu. Uzio kati ya nyumba mbili aliung'oa mwenyewe. Somoe alimnyonyesha Nasibu mpaka alipoacha ziwa, na huko Himaya jirani kunyonyesha si ajabu. Lakini mtoto hulala anakolala, na usiku maumivu yalipomjia aliyeamka naye alikuwa Bi Stara, kwa sababu tabibu angeuliza ni nani aliyeamka naye, na Nasibu alijifunza kulitamka neno mama akiutazama uso uliokuwa juu yake saa hizo. Bi Stara alibadilika. Alianza kuimba akikoroga sabuni. Alipowaona Shekue na mkewe alinyamaza, na Shekue alitamani angeendelea, maana kunyamaza kule kuliuma zaidi.

Nasibu alikua mwembamba, mwepesi wa maneno. Alizoea kuja kukaa karibu na Shekue akimtazama anavyotoboa vito vya kofia, yale matundu madogo ya nakshi, akamwita Ami Shekue. Shekue alimfundisha kushika sindano. Wakati mwingine kichwa cha mtoto kilikuwa karibu sana na mkono wake, akakipima kwa macho kama wapimavyo washonaji, akashona kofia isiyoagizwa na mtu yeyote, akampa.

Nasibu alipokuwa na miaka sita, Somoe akazaa tena, binti. Shekue hakungoja mtoto aoshwe. Alimuuliza Somoe jina, Somoe akasema Tima, naye akatoka vile vile alivyokuwa, bila kofia, kiatu kimoja hakijafungwa. Nasibu alikuwa uani akamfuata mbio, akamshika mkono, naye Shekue hakuweza kumrudisha.

Wasikizi walikuwa wamezeeka zaidi. Wakamkaribisha, akakataa kahawa. "Nimekuja kutangaza," alisema.

"Jina?"

"Tima."

"Ni mtoto wa ngapi katika nyumba yako?"

Shekue alikuwa amejua kwamba swali hilo lipo. Alikuwa amelisikia watu wengine wakiulizwa. Mkono mdogo ulikuwa ndani ya wake, una joto, vidole vyake vyembamba havijavimba tangu baridi iliyopita. Msikizi Mkuu alimtazama mtoto, akamtazama Shekue, na macho yake yakaanza kujaa machozi.

"Wa kwanza," alisema Shekue.

"Imesikika."

Walitoka nje kwenye jua. Nasibu alitembea akiruka mawe ya barabara, kisha akainua uso wake.

"Hongera, Ami Shekue," alisema. "Sasa na wewe umepata mtoto."

Shekue akainama, akakifunga kile kiatu kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Ahsante," alisema. "Nimepata."